Fimbo Haifundishi Ulimi

Neno kwa baba na mama wenye watoto wadogo



Mtoto hazaliwi na maneno kinywani. Huzaliwa na masikio, na macho, na kilio chake. Maneno huyapata kwetu sisi, kama apatavyo maziwa kwa mama yake. Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Bunia hutuuliza, mara nyingi kwa sauti ya chini, dawa ya homa ikisha kuandikwa: “Mtoto wangu amefika miaka miwili na nusu, naye hasemi. Ana kichwa ngumu. Baba yake anamchapa ili ajibu, lakini anazidi kunyamaza. Tufanye nini?”

Jibu letu ni fupi: wekeni fimbo chini, kisha mleteni mtoto tumpime masikio. Lakini jibu fupi halitoshi. Mzazi anayechapa kwa kawaida hafanyi hivyo kwa chuki. Anampenda mtoto, anaogopa ataharibika, na yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Kwa hiyo inafaa tueleze mambo haya polepole, moja moja.

1. Jinsi mtoto anavyopata maneno

Masikio huanza kazi kabla ya kuzaliwa. Mimba ikifika mwezi wa sita au wa saba, mtoto aliye tumboni husikia sauti ya mama yake. Akisha kuzaliwa, huitambua sauti hiyo kati ya sauti nyingine. Wakati huo ubongo wake una kama robo tu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka 2 umefika robo tatu au kupita, na akiwa na miaka 5 au 6 umekwisha kukaribia ukubwa wa mtu mzima. Mkulima anajua kwamba mahindi yaliyokosa palizi katika majuma ya kwanza hayarudishi nguvu hiyo yote baadaye. Miaka ya kwanza ya mtoto ni majuma hayo.

Akiwa na miezi miwili au mitatu, mtoto hutoa sauti za “aa” na “uu”, kisha hungoja. Anangoja nini? Anangoja uso wa mtu umjibu. Mama akimtazama na kusema, “Ee, unasema nini, baba yangu?” naye hutoa sauti tena. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza. Karibu miezi 6 au 7 husema “ba-ba-ba” na “ma-ma-ma”. Karibu mwaka mmoja neno la kwanza hutokea. Akifika miaka 2 huunganisha maneno mawili: “mama kuja”, “maji hapana”. Akiwa na miaka 3, hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya maneno yake.

Angalieni kwamba katika kila hatua kuna watu wawili. Ni kama watoto wanaorushiana mpira wa majani ya ndizi: mmoja anarusha, mwingine anadaka na kurudisha. Kama hakuna anayerudisha, mchezo unakwisha. Mtoto akionyesha mbuzi kwa kidole na kusema “bu”, nawe ukajibu, “Ndiyo, ni mbuzi, mbuzi anakula majani,” umemrudishia mpira, tena umemwongezea maneno matatu. Ukisema, “Nyamaza, unapiga kelele,” mpira umeanguka chini.

Hapa kwetu Ituri mtoto husikia lugha nyingi. Nyumbani ni Kilendu au Kihema, Kibira, Kialuri au Kilugbara. Barabarani na sokoni ni Kiswahili. Kilingala nacho kinapita. Shuleni ni Kifaransa. Watu wengine husema kwamba lugha nyingi ndizo zinazomfunga mtoto ulimi. Si kweli. Mtoto anaweza kuzishika mbili, hata tatu, ikiwa watu wanazungumza naye katika kila moja. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Wala asichapwe kwa sababu amejibu kwa lugha ya bibi yake. Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa wakati wa ukoloni walivyopigwa fimbo kwa kusema Kikikuyu shuleni. Watoto hao walijifunza kuionea haya lugha ya mama zao. Tusilete jambo hilo nyumbani mwetu.

2. Hofu hufanya nini mwilini

Mtoto akipigwa, au akiona mkono umeinuliwa, moyo wake hukimbia. Mwili humwaga katika damu homoni za hofu, ziitwazo adrenalini na kotisoli. Homoni hizi zina kazi njema: mtu akiona nyoka, humpa nguvu ya kukimbia. Lakini katika saa hiyo mwili una shughuli moja tu, kujiokoa. Hauna nafasi ya kujifunza neno jipya. Baba akishika fimbo na kuonyesha kikombe, akisema, “Sema! Hiki ni nini?” mtoto hakiangalii kikombe. Anaiangalia fimbo.

Tena mtoto hujifunza somo lingine ambalo hatukutaka kumfundisha. Hujifunza kwamba kutoa sauti ni hatari na kunyamaza ni salama. Aliuliza swali akapigwa kofi. Alilia akapigwa kwa sababu ya kulia. Baada ya siku nyingi huanza kukaa kando, akitazama uso wa baba kujua kama mvua inakuja. Wageni humsifu: “Mtoto huyu ana adabu, hana kelele.” Kumbe maneno yamefungwa ndani.

Wazee wetu waliona jambo hili kwa watu wazima. Wakati wa Leopold II, na baadaye chini ya Wabelgiji, watu wa Kongo walichapwa kwa kiboko, ile chicotte iliyotengenezwa kwa ngozi ya kiboko iliyokaushwa. Sheria iliifuta karibu tu na uhuru wa mwaka 1960. Je, waliochapwa walijifunza kusema mawazo yao? Hapana. Walijifunza kujibu “ndiyo, bwana” na kuficha mengine yote moyoni. Ikiwa mwanamume mwenye nguvu alifungwa kinywa namna hiyo, mtoto wa miaka miwili atafanya nini?

3. Watafiti wameona nini

Katika mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa habari za watoto zaidi ya 1,900 kutoka miji 20, waliofuatwa tangu kuzaliwa mpaka miaka 9. Waliona kwamba watoto waliopigwa na baba zao mara mbili au zaidi kila juma walipokuwa na miaka 5, walielewa maneno machache zaidi walipofika miaka 9, hata baada ya kuhesabu mambo mengine ya nyumba zao. Na watoto waliopigwa na mama zao walizidi ukali na ubishi, badala ya kupungua.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya matokeo ya uchunguzi 75 uliofanyika katika muda wa miaka 50, wenye watoto zaidi ya 160,000. Walitafuta kama kumpiga mtoto kunaendana na mema yoyote baadaye. Hawakuyaona. Waliona kwamba kulikwenda pamoja na ukali zaidi, huzuni zaidi, na akili kupungua nguvu ya kujifunza.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 2024 UNICEF ilitangaza kwamba watoto karibu milioni 400 duniani walio chini ya miaka 5, yaani 6 katika kila 10, hupigwa au hutishwa kwa maneno makali nyumbani mara kwa mara.

Labda mtu atasema, “Mimi nilichapwa, na leo nasema lugha nne.” Ndiyo, ndugu, twakubali. Uchunguzi huu hausemi kwamba kila mtoto aliyepigwa kofi atakuwa bubu. Lakini fikiri vema: nani aliyekupa hizo lugha nne? Ni bibi aliyekutolea hadithi kando ya moto. Ni shangazi aliyekutuma sokoni na kukuuliza habari uliporudi. Ni wenzako mliocheza nao. Ulijifunza kwa hao, wala si kwa fimbo.

4. Mtoto asiyesema huenda ni mgonjwa

Sasa tumefika mahali pa kuangalia sana. Mtoto anayeitwa mkaidi mara nyingine hasikii. Ukimwita kutoka nyuma, hageuki. Ukimtuma kiatu, analeta kijiko au analeta chochote, kwa maana ameona kinywa chako kikisogea bila kupata neno. Ukimwuliza, anakutazama tu. Basi anachapwa asubuhi na jioni kwa kosa ambalo hakulifanya. Hajui anapigwa kwa nini, wala hana maneno ya kuuliza.

Mpime nyumbani namna hii. Mngoje wakati anacheza, amekupa mgongo. Simama nyuma yake, asikione kivuli chako wala asisikie mtetemo wa miguu yako. Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Kisha tikisa kopo lenye maharagwe, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Rudia siku nyingine. Kama hageuki, mlete hospitalini.

Sababu za mtoto kuchelewa kusema ni nyingi:

Sikio linalotoa usaha. Usaha ukiendelea kwa majuma mengi, huharibu usikivu. Usitie mafuta wala dawa ya majani sikioni. Mlete mtoto, nasi tutakuonyesha jinsi ya kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku, na kukupa dawa inayofaa.

Malaria ya kichwa na meninjiti. Mtoto aliyepata degedege na kupoteza fahamu anaweza kupona homa, lakini abaki na shida ya kusikia au ya kusema. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwapima watoto waliopona malaria kali, wakaona kwamba wengine walibaki nyuma katika lugha. Kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua, na homa isingojwe mpaka kesho.

Shida wakati wa kuzaliwa, mtoto akichelewa kulia na kupumua. Hii ni sababu moja ya kuwaomba mama wazalie hospitalini.

Kukosa iodi wakati wa mimba. Hili limeumiza watu wengi katika nchi yetu, katika Uele na katika kisiwa cha Idjwi. Mama apike na chumvi yenye iodi.

Hali iitwayo otizimu, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Haitoki kwa uchawi wala kwa laana ya ukoo, wala haiondolewi kwa fimbo.

Tena fimbo na kofi vyaweza kuleta ugonjwa wenyewe. Kofi likipigwa juu ya sikio laweza kupasua ngozi nyembamba ya ndani, na hapo mtoto aliyekuwa anasikia anaanza kuwa kiziwi. Na mtoto mchanga asitikiswe kamwe, hata kama analia usiku kucha. Shingo yake haina nguvu. Ubongo unagonga mfupa na mishipa midogo ya damu inakatika. Wengine hufa. Wengine hubaki vipofu au wasioweza kusema.

Usimpeleke akakatwe chini ya ulimi kwa wembe ili aseme. Mlete kwetu ikiwa: ana miezi 6 naye hashtuki wala hageukii sauti, ana mwaka mmoja naye hatoi sauti za “ba-ba” wala haonyeshi kwa kidole au mkono, ana mwaka na nusu bila neno hata moja, ana miaka 2 naye haunganishi maneno mawili, au, katika umri wowote, amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Hilo la mwisho lisingoje hata juma moja.

5. Je, Mithali hazisemi tutumie fimbo?

Wazee wa kanisa hutuuliza hili, na ni halali kuuliza. Kitabu cha Mithali kinataja fimbo katika malezi, katika sura ya 13, ya 22, ya 23 na ya 29. Lakini neno la Kiebrania linalotumika hapo ndilo lile la Zaburi ya 23, fimbo ya mchungaji ambayo kondoo anafarijika kuiona. Waliochunga ng'ombe katika vilima vya Djugu na Irumu wanaijua kazi ya fimbo hiyo. Mchungaji huitumia kuonyesha njia, kumzuia ndama asiingie shamba la watu, na kumfukuza mnyama mkali. Mchungaji anayevunja mguu wa ndama mchanga, mwenye ng'ombe hamwachii zizi lake. Tena Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakolosai, aliwaonya akina baba hasa wasiwachokoze watoto mpaka mioyo yao ikakata tamaa. Mtoto aliyeacha kusema nyumbani kwa hofu amekwisha kukata tamaa.

Wengine huleta methali ya wahenga: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kabisa. Lakini waulizeni akina mama wanaokausha samaki kule Kasenyi na Tchomia. Samaki mbichi hukunjwa kwa vidole, taratibu, kwa sababu ni laini. Anayemkunja kwa nguvu humpasua.

Na ile nyingine, mchelea mwana kulia hulia yeye? Nayo ni kweli. Mzazi anayeogopa kilio cha mtoto, akampa kila kitu anachodai, atalia baadaye. Lakini kukataa si kupiga. Unaweza kusema “hapana” na kusimama imara, mtoto akalia mpaka akachoka, bila mkono wako kumgusa. Adabu yahitajika sana. Sisi tunasema tu kwamba adabu hupita katika sikio, na sikio linafunguka penye amani.

6. Basi tufanye nini?

Jua umri wa mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayegusa sufuria ya sombe jikoni hakudharau. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asifanye anachotamani iko nyuma ya paji la uso, nayo huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Kwa mtoto mdogo karibu haijaanza kazi. Kwa hiyo sogeza sufuria, weka kisu juu, funika bidoni ya maji. Mshike mkono, sema, “Moto! Unaunguza!” kisha mpe kitu kingine, kijiko au kifuniko achezee. Utarudia mara ishirini. Ndivyo kufundisha kulivyo.

Mpe maneno ya hasira yake. Mtoto hupiga na kuuma kwa sababu hana maneno. Mwambie, “Umekasirika, ndugu yako amechukua gari lako. Sema: nipe.” Akisha kupata neno “nipe”, meno yatapumzika.

Zungumza naye katika kazi zako. Hakuna haja ya kununua kitu. Unapotwanga sombe, taja: majani, kinu, mchi, twanga, twanga. Unapomwogesha, taja mkono, goti, sikio. Unapombeba mgongoni kwenda soko kuu, mwonyeshe pikipiki, ndizi, mama wa makala. Uliza swali, kisha ngoja; hesabu moja mpaka tano moyoni, umpe nafasi ya kujibu. Usiku zima redio kidogo, muwe na hadithi au kitendawili.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, weka amri chache, na matokeo ya kosa yafanane na kosa. Amemwaga maji, apanguse. Amempiga mwenzake, akae kando yako dakika chache bila kucheza. Akifanya vema, mwambie wazi alichofanya vema.

Akina baba, neno hili ni lenu pia. Ule uchunguzi wa 2013 ulitaja fimbo ya baba hasa. Mtoto hushika sana neno la baba, kwa sababu hulisikia mara chache. Robo saa kila jioni, kabla ya bugali, mkalishe mapajani umwulize habari za siku.

Mwisho, tunajua mzigo mlio nao. Vita vya 1999 mpaka 2003 viliacha majeraha, na mauaji yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017 yaliwaondoa watu wengi katika nyumba na mashamba yao. Mtu anayeishi na watoto sita ndani ya kibanda cha hema pale Kigonze, bila kulala vizuri, hasira yake iko karibu. Ukiona mkono unainuka, mweke mtoto mahali salama, toka nje, pumua, hesabu mpaka kumi, mwite jirani amshike. Na kama huzuni yako haipungui, njoo tuzungumze nawe pia. Hatuwapimi watoto tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha mama

Mtoto wako mdogo ana umri gani, na ana maneno mangapi katika lugha zote pamoja?
Je, anageuka ukimwita kutoka nyuma?
Jana ulimjibu mara ngapi alipokuonyesha kitu?
Ni kosa gani linalokukasirisha zaidi, na utasema neno gani badala ya kupiga?
Nani katika nyumba au jirani anaweza kumshika mtoto wakati wewe umechoka?

Mkija kumpima mtoto, njoni na kadi yake, na baba aje pia akiweza.